Nyumba ya Dada Yangu Ilivyopanda Kilima

Machi 9

Katika kisiwa chote cha Chiloé hakuna mwanamume aliye hai aliyevuta nyumba nyingi kuliko mimi, Rosamel Nauto. Kumi na mbili. Nimezivuta juu ya tope, juu ya mchanga, juu ya changarawe, na moja nimeivusha ghuba ikielea kama bata mzee.

Nimeyasoma hayo niliyoandika. Ni tatu. Na mojawapo ilikuwa banda la kuku. Ile iliyoelea niliitazama nikiwa nimekaa juu ya uzio, nakula soseji.

Daftari hili nililinunua kwa mchuuzi nichane karatasi za kusokotea tumbaku, lakini karatasi yake ni nzito, inawaka kama gunia. Basi niandike. Shule niliiacha darasa la tatu, au tuseme shule iliniacha mimi: mwalimu alipomkuta chura ndani ya kofia yake hakuuliza ni wa nani, alinitazama tu.

Machi 10

Nimechimba viazi. Mgongo umeniuliza mimi ni nani.

Machi 14

Dada yangu Ermelinda anakaa chini, ufukweni, mimi nakaa juu kilimani. Kati yetu kuna mteremko mrefu wa kutosha asinisikie nikimsengenya, lakini si mrefu wa kutosha nisimsikie akiniita. Amenizidi miaka sita na hajawahi kunisamehe kuzaliwa.

Leo nimeshuka kumpelekea viazi. Mwaka jana bahari ilimlia uzio. Sasa imeanza mtufaha wake: mizizi inaning'inia hewani kama miguu ya mtoto kitini.

"Dada, bahari inakuja," nikamwambia.

"Inakuja tangu baba anajenga. Haijabisha hodi bado."

"Haitabisha. Si jirani hiyo."

"Hata wewe hubishi hodi, na kila siku nakupakulia."

Nikala. Mdomo uliojaa hauna hoja.

Machi 17

Heriberto, mwana wa dada, ameshuka na feri kutoka Puerto Montt. Huko anauza misumari dukani na anavaa viatu vya kung'aa. Kaangalia mtufaha, kaangalia bahari, kaniangalia mimi, kana kwamba mimi ndiye ninayekula ardhi.

"Mjomba, sitaki mabishano. Mama hapitishi majira ya baridi hapa. Nina chumba. Kina hita."

"Ana jiko lake la kuni."

"Jiko lake mwezi wa sita litakuwa linapikia samaki huko chini, mjomba, na samaki hawatalipa."

Nilicheka kabla sijajizuia. Ndiyo ubaya wa huyu kijana, ana ulimi wa kwetu. Mwizi wa mama za watu! Kasema mwisho wa Aprili anakuja kumchukua, dhoruba kubwa hazijaanza.

Ermelinda alikuwa anasikia yote, anamenya viazi. Alisema neno moja tu: "Hita haina pa kuweka birika."

Machi 18

Sikulala vizuri. Si kwa ajili ya dada. Ni soseji.

Machi 21

Ermelinda kaniita kwa kugonga sufuria, kama wanavyoitwa nguruwe, nami nikaenda.

"Sitoki bila nyumba," akasema. "Nyumba ikitoka, natoka nayo. Nyuma ya mitufaha yako pana uwanja mtupu, unaota magugu tu."

"Nayapenda yale magugu."

"Utazoea jirani. Tunaita minga, Rosamel. Watu waje na maksai, tuivute ipande."

Nyumba ile ni ya mbao tupu, kuta na vigae vya paa, mbao za miti ambayo siku hizi haioti tena. Ukiiweka juu ya magogo mawili marefu na kuifunga minyororo, jozi kumi za maksai zinaivuta popote. Kijiji kinavuta, mwenye nyumba analisha kijiji. Hulipi. Siku nyingine na wewe unaitwa.

"Nyonga yangu haifiki hata kanisani," akaendelea, "kwa hiyo utapita wewe, kwa niaba yangu. Mlango kwa mlango. Unavua kofia, unaketi, unakunywa chai yao ya mate hata kama ni chungu, ndipo unaomba. Usiombe umesimama. Usiombe njiani. Na uanze kwa Clodomiro Barría."

"Kwa Mkia wa Maksai?"

"Kwa mwenye Padri na Hakimu."

Hayo ndiyo majina ya maksai wa Clodomiro, jozi yenye nguvu kuliko zote hapa Chulquén. Clodomiro mwenyewe huongea polepole mpaka maneno yake yanaota kuvu. Mimi nimemwita Mkia wa Maksai mbele ya watu kila sikukuu, na yeye hajawahi kuniita chochote, jambo ambalo linaudhi zaidi.

Nikasema nitaenda.

Machi 23

Mvua kutoka kaskazini. Goti linauma. Kesho.

Machi 24

Mvua. Goti limevimba kama mkate wa viazi. Nimeutazama mlima wa kwenda kwa Clodomiro kupitia dirishani na mlima umenitazama.

Machi 25

Wazo! Wakati mwingine najishangaa nilivyo na akili, na darasa langu la tatu.

Redio ya mji wa Castro kila adhuhuri inasoma salamu za watu wa visiwani: fulani amejifungua, fulani amekufa, fulani mpelekeeni farasi gatini. Chulquén yote inasikiliza, hata mbwa wananyamaza. Nimempa dereva wa gari la maziwa karatasi aifikishe kule redioni. Kwa nini nibishe milango yote kwa goti bovu wakati sauti inaingia ndani ya kila nyumba bila hata kufuta miguu?

Ermelinda akaniuliza, "Umepita?"

"Nimewafikia wote," nikasema. Si uongo. Ni ukweli uliovaa kofia.

Machi 27

Tumesikia! Sikuwa kwa Ermelinda, redio yake imekufa betri (nilihakikisha). Nilikuwa dukani. Mtangazaji alisoma kwa sauti tamu: "Majirani wote wa Chulquén wanaombwa kufika kwa Ermelinda Nauto, tarehe tano Aprili, pamoja na maksai wao, kuvuta nyumba. Chakula kitakuwepo."

Dukani watu wakatazamana. Mwenye duka, Uberlinda, akaendelea kupima sukari. Hakuna aliyesema kitu, nikajua wamevutiwa.

Machi 30

Bahari imekula banda la kuku. Kuku walikuwa wameshahama wenyewe. Kuku wana akili kuliko dada yangu.

Aprili 4

Tumechimba shimo la kuranto, karamu yetu inayoivia ardhini juu ya mawe ya moto. Mawe yapo, kuni zipo, majani mapana ya nalca ya kufunikia yapo. Kome na chaza magunia. Nguruwe mmoja ameitoa roho yake kwa ajili ya jamii. Ermelinda amekanda viazi mpaka usiku, amevaa aproni yake ya harusi za watu. Anaimba. Anaimba vibaya kama mlango.

Aprili 5

Sitaki kuandika lakini nitaandika.

Asubuhi kulikuwa kweupe, hakuna upepo, siku ambayo Mungu huitoa akiwa na deni. Ermelinda alitoka akaketi kwenye benchi mbele ya nyumba, amevaa koti la kanisani, mikono mapajani, anatazama njia. Mimi niliwasha moto wa shimo. Mawe yakaanza kuiva.

Hakuna aliyekuja.

Nikasema, "Wanatia nira, inachukua muda." Mawe yakawa mekundu. Nikasema, "Njia ina tope." Njia ilikuwa kavu kama biskuti na wote wawili tunaiona. Kwenye mashamba ya juu niliwaona watu, wanachimba viazi vyao kama siku yoyote. Mmoja alinipungia mkono! Kanipungia, kwa heshima zote, akarudi kuchimba.

Mawe yakaanza kupoa. Ermelinda akasema, "Weka kome, yasiharibike."

Nikaweka. Chakula cha watu sitini kikaiva kwa ajili ya watu wawili na mbwa.

Tulikula. Kisha akauliza, taratibu, si kwa sauti yake: "Nimewakosea nini, Rosamel? Mama yake Uberlinda nilimkanda miguu miezi mitatu. Nyumba ya kina Huenchur tulipoivuta mimi ndiye niliyepika. Nimewakosea nini?"

Mimi mtu wa maneno. Kila mtu anajua. Leo nilijaza kome mdomoni nikaendelea kutafuna.

Aprili 6

Kome.

Aprili 7

Kome.

Aprili 8

Kome. Mbwa amekataa.

Nimemkuta Ermelinda anafunga vikombe kwenye magazeti. Amempa dereva wa gari la maziwa ujumbe wa kumfikia Heriberto: aje, mama yake hatapinga tena. "Mtu asiyetakiwa asingoje kuambiwa," akasema. Kikombe changu chenye ufa, ambacho nanywea tangu marehemu mke wangu akiwa hai, alikiweka pembeni. "Hiki uchukue, kule hakuna atakayekitumia."

Nilipanda kilima nacho mkononi. Nilipofika juu nilikaa kwenye kizingiti. Ukiangalia kutoka kwangu unaona paa lake, bahari, basi. Ukiliondoa paa unabaki na bahari.

Jioni nilienda dukani nikamwuliza Uberlinda, kwa hasira, ni roho gani hii ya watu wa Chulquén.

"Roho gani nini, Mzee Rosamel? Nani aliniomba mimi?"

"Redio ilisema! Ulikuwa hapo hapo, na sukari yako!"

"Redio ilisema. Redio pia inasema ninunue dawa ya mba." Akafuta kaunta. "Mama Ermelinda akinitaka, anajua mlango wangu. Tulidhani amekuwa mtu mkubwa, anatutangazia. Wengine waliumia, mzee. Nilifunga duka siku ile, unajua? Nikasema labda atapita mtu hata asubuhi ile ile. Nikalifungua tena saa nne."

Aprili 9

Nimemwambia. Nilibisha hodi, jambo lililomtia hofu kabla hata sijaanza.

"Sikupita mlango hata mmoja. Niliwatangazia redioni."

Alikuwa ameshika mwiko. Sitaeleza mwiko ulipofika. Goti bovu halikuwa mahali salama kuliko pengine.

"Siku nne!" akapiga kelele. "Siku nne nimelala nikihesabu dhambi zangu, mpaka nimekumbuka za utotoni, kumbe dhambi ni wewe!" Kisha akakaa, akaanza kucheka, akacheka mpaka akajifuta macho kwa aproni. Au alikuwa analia, sikuuliza. Akasema, "Kumbe hawajanichukia."

"Hawajakuchukia."

"Wamekuchukia wewe."

"Mimi nimezoea."

Akavitoa vikombe viwili kwenye magazeti. Viwili tu. Vingine kaviacha vimefungwa. "Sasa tembea," akasema.

Aprili 10

Milango minne. Mate manne, mawili hayana sukari. Wote wamekubali, lakini kwanza wamenifanya nijutie. Mzee Huenchur alijifanya kiziwi mpaka nikarudia ombi mara ya tatu, kisha akasema, "Nilisikia la kwanza, nilipenda tu linavyosikika."

Aprili 11

Milango sita. Mvua yote mgongoni mwangu. Mate yananitoka masikioni. Nimegundua mjane wa Lepío, ambaye siku zote nilisema ni bahili, ana nyumba isiyo na kitu. Alinipa mkate wake wa mwisho, nikajua ni wa mwisho kwa jinsi alivyofunga kabati haraka. Hana maksai. Akasema ataleta kamba na mikono. Sitamsema tena. Au nitamsema kwa jambo jingine.

Aprili 12

Goti limekataa. Bahari imekula choo cha Ermelinda. Kimekwenda usiku, kizima, na mlango wake. Anatumia changu, na anakisema vibaya.

Aprili 14

Clodomiro. Nilimwacha mwisho ingawa niliagizwa nimwanze, na kila mlango nilioupita kabla yake ulijua hivyo.

Aliufungua mlango, akanitazama, akarudi ndani akaacha wazi. Nikaingia. Nikavua kofia. Nikaketi karibu na jiko. Akachemsha maji polepole, akajaza kibuyu cha mate polepole, akanywa cha kwanza mwenyewe polepole, akajaza tena, akanipa. Nadhani viazi vya msimu ujao vilikuwa vimeota.

"Umekuja kunitangazia," akasema, "au kuniomba?"

"Kukuomba, jirani."

"Omba."

Nikasema maneno yale baba yangu aliyoyasema kwa baba yake: kwamba dada yangu hana nguvu na nyumba yake haina miguu, kwamba nimekuja kwa miguu yangu kuomba ya kwake na ya wanyama wake, na siku akiwa na haja asipite mlango wangu bila kuniita. Katikati nilikohoa. Nikasingizia mate ni ya moto.

Akatia ukuni jikoni. Kisha akasema sentensi ndefu kuliko zote nilizowahi kumsikia: "Siku ile ya tarehe tano niliwatia nira. Padri na Hakimu, wote wawili. Nikavaa buti. Nikasimama hapo langoni mpaka jua likapinda, kama kuna yeyote atapita aniambie neno moja tu. Ningekuja, Rosamel. Lakini hata maksai, ukitaka aende, unamwita kwa jina lake."

Nikamrudishia kibuyu chake kwa mikono miwili.

Nilipotoka akaniambia mlangoni, "Nilidhani utafika na lile jina lako la mkia."

"Nimeliacha nje. Limelowa."

Akacheka! Ana meno mazuri. Miaka yote hii sikujua.

Aprili 19

Ermelinda amempelekea Heriberto ujumbe mpya: aje, lakini na mikono, si na sanduku. Sijui atakuja na nini.

Aprili 23

Wanaume wameinua nyumba kwa wenzo, wamepenyeza magogo chini. Milango na madirisha tumeyang'oa, ndani tumekaza mihimili ili kuta zisishikane kama walevi. Jiko limetangulia juu kwenye mkokoteni. Nyumba sasa inatazama kama mtu aliyevuliwa meno na miwani.

Aprili 26

Wamekuja wote. Nilihesabu jozi za maksai mpaka nikachanganyikiwa na furaha. Wanawake na vikapu vya mikate, mjane wa Lepío na kamba yake, Uberlinda kafunga duka na kabandika karatasi: Tumeenda kuvuta. Heriberto naye kafika na feri ya asubuhi, viatu vyake vile vile vya kung'aa, uso umefungwa.

"Mjomba, ikikwama, mama anaondoka nami leo hii hii. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, Bwana Misumari."

Ermelinda alikataa kutoka ndani. Clodomiro akamwambia ni hatari. Akajibu, "Nilizaliwa humu na hamkunitoa, sasa mnitoe?" Akakaa kwenye kiti kati ya chumba, amekumbatia saa ya ukutani, anaonekana pale lilipokuwa dirisha kama askofu katika gari lake.

Wakapiga kelele ya pamoja, maksai wakainamisha vichwa, minyororo ikalia, na nyumba ya baba yangu ikaguna, ikatikisika, ikaanza kutembea. Nakwambia, mtu ukiona nyumba uliyozaliwa inatembea unajisikia kama umekunywa. Watoto walikimbia pembeni, mbwa walibweka kana kwamba wanaifukuza wao. Ufukweni ikapita, kwenye malisho ikapita. Mimi nilikuwa mbele napiga kelele za kuongoza ambazo hakuna aliyezifuata.

Kwenye mteremko ndipo mvua ikaanza. Si mvua ya kuanza polepole, ni ya kumwagwa na ndoo. Nyasi zikawa sabuni. Katikati ya mlima mnyororo mmoja ukakatika, ukapita juu ya vichwa vyetu kama nyoka, jozi mbili za mbele zikapiga magoti, na nyumba ikaanza kurudi.

Kurudi! Kwenda chini, kwa bahari, na dada yangu ndani.

Sijui nani aliyesema nini. Najua mjane wa Lepío alikuwa amezungusha kamba yake kwenye kisiki na watu wameining'inia kama nguo. Najua niliweka mgongo wangu kwenye ukuta wa nyuma, mimi na goti langu, na pembeni yangu kulikuwa na mtu anahema kama ng'ombe, nikageuka, ni Heriberto, viatu havionekani tena, suruali tope mpaka kiunoni, analia na kutukana kwa lugha ile ile ya hapa kwetu.

"Sukuma, mjomba! Sukuma, mzee wewe, mama yumo!"

"Nasukuma tangu hujazaliwa!"

Ndani tukasikia sauti ya Ermelinda, tulivu kabisa: "Mbona tunarudi? Nimesahau nini?"

Clodomiro akaja na Padri na Hakimu. Hakukimbia. Hata pale hakukimbia. Akawafunga mbele ya wote, akavua kofia kwenye mvua, akamwinamia kila mmoja sikioni akasema kitu, kisha akawagusa tu kwa fimbo. Wakaingiza kwato kwenye tope, wakatafuta mwamba, wakaupata. Nyumba ikasimama. Ikasogea mbele kidogo. Tukaitia vigingi.

Nilipotaka kutoka pale, buti zangu zilibaki. Tope limezimeza zote mbili, nilitoka na soksi. Tulizitafuta kwa koleo hatukuziona. Heriberto alinishika bega, anacheka, akasema mbele ya watu wote, "Mjomba, buti hizo juu yangu."

Giza linaingia. Nyumba iko katikati ya mlima, imeziba njia ya kijiji. Hakuna aliyesema imekwama. Nilimtazama Heriberto, nikangoja aseme yeye. Alimletea mama yake blanketi kupitia dirishani, akapanda naye ndani, wakalala humo.

Aprili 27

Mvua imekatika alfajiri. Gari la maziwa limefika, limekuta nyumba barabarani. Dereva akapiga honi. Ermelinda akatokea pale pa mlango, nywele hazijachanwa: "Unapigia honi nyumba? Itasogea?"

Dereva akashuka akasukuma na yeye.

Kufikia adhuhuri ilikuwa juu, nyuma ya mitufaha yangu, juu ya magugu yangu niliyoyapenda. Tumefunua shimo, mvuke ukapanda, kome, nguruwe, mikate ya viazi, watu wakala mpaka wakanyamaza. Clodomiro alitoa kodiani yake. Nilijua anapiga polepole. Sikujua kwamba ukiwa umechoka hivyo ndivyo inavyotakiwa. Nilicheza na mjane wa Lepío nikiwa miguu mitupu, na sasa ndiye anayenisema mimi.

Heriberto alikaa karibu yangu na sahani. "Jana usiku mama alinihadithia kila ubao umetoka wapi," akasema. "Kila ubao, mjomba. Sikuwa najua." Kisha akala. Mwizi wa mama amerudi na feri ya jioni, mikono mitupu, miguuni amevaa makubazi yangu ya zamani.

Mei 2

Tumerudisha madirisha. Moja limewekwa juu chini. Anasema anapenda hivyo.

Mei 6

Dhoruba tangu jana. Kelele kama treni, ingawa hatuna treni. Nilienda kulala kwa dada kwa sababu paa langu lilikuwa linaogopa.

Asubuhi tulishuka kuangalia, tumeshikana mikono kama wachumba wazee, yeye na nyonga, mimi na goti. Mtufaha haupo. Benchi halipo. Pale lilipokuwa jiko, bahari inaingia na kutoka, inatafuta.

Ermelinda aliangalia muda mrefu. "Basi," akasema. "Imekuta watu wamehama." Kisha: "Twende, nina unga nimeuacha unaumuka."

Mei 8

Nimepita kwa Huenchur kumsaidia paa lililopeperuka. Sikutangaziwa redioni. Alikuja mlangoni, akaketi, akanywa mate ya Ermelinda, akaomba. Alipomaliza nikamwambia sikusikia vizuri, arudie.

Mei 11

Heriberto, najua utalisoma daftari hili, maana wewe tangu mtoto hukuwahi kuiona karatasi usiichungulie. Basi sikiliza vizuri. Buti za mpira, nyeusi, namba arobaini na mbili, zisizo na maua wala mistari ya vijana. Ulisema juu yako, na Chulquén yote ilisikia. Sikuharakishi, lakini feri ya Jumamosi ipo. Kutoka mlangoni kwangu mpaka kwa mama yako sasa ni tope tupu, na yeye amesugua sakafu, anasema mwenye miguu michafu haingii. Kila asubuhi nakunywa mate yangu nimesimama nje kama mkaguzi wa kodi, na yeye ndani, karibu na jiko, ananicheka.